Kisinia cha Risasi Bubu

"Andika niliiweka mimi," Hussain alisema. "Nikwambie mara ngapi, dada? Niliiweka mimi, nikafyatua mimi. Basi."

Mpelelezi Asumpta hakuandika. Kalamu aliilaza mezani, kati ya vikombe viwili vya karatasi ambavyo chai yake ilikuwa imepoa zamani. Wakili aliyepewa Hussain alikuwa amemkataza kusema lolote, naye alimjibu kwamba wakili hajui lolote la bunduki, akamwomba asubiri nje.

"Uliiweka ukijua ni risasi ya moto?" Asumpta aliuliza.

Hussain akanyamaza. Hapo ndipo aliponyamaza jana, na juzi pia alinyamaza papo hapo, kama mtu anayefika kwenye daraja akaona mbao zimeng'olewa.

"Gervais alikuwa rafiki yako."

"Alikuwa ndugu yangu. Donatienne, mkewe, ndiye aliyenifundisha kula sombe, kisamvu cha kwao. Usiniulize Gervais alikuwa nani kwangu."

"Basi nisaidie. Mkuu wangu anataka jioni hii uandikiwe kosa la kuua kwa kukusudia. Ukifika kule, Hussain, hutoki ukiwa na nywele nyeusi."

Hussain alizitazama kucha zake. Alikuwa na mafuta ya mashine ndani yake, yale ambayo hayatoki hata ukisugua na sabuni ya unga.

"Mama amekula?" aliuliza.

"Jirani yenu Mehreen yuko naye."

"Sijauliza nani yuko naye. Amekula?"

"Sijui."

"Msiende kumuuliza mambo haya. Ana presha. Mkimuuliza nitazika watu wawili badala ya mmoja."

Asumpta akainuka, akachukua kalamu yake. Mlangoni aligeuka kumwangalia. Angesema msimsumbue mama, lingekuwa neno la mwana yeyote. Yeye alisema msimuulize. Huyu alikuwa anaogopa jibu.

Jambo lenyewe lilivyotokea halikuwa na ubishi. Hussain alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na jioni alitengeneza bunduki za wanachama wa klabu ya kulenga shabaha, kwa leseni, katika chumba cha chini cha nyumba aliyopanga huko ughaibuni, Scarborough, pamoja na mama yake. Gervais alimletea bunduki yake fupi, ile aina inayotumia risasi za bastola, kwa kuwa ilikuwa inapiga teke begani na kukwama. Hussain aliibana kwenye jiriwa la mezani mtutu ukielekea ukutani, akajaza magazini kwa risasi bubu, yaani zile za kufanyia majaribio, zenye ganda na kichwa lakini hazina baruti wala fataki. Akawa anavuta bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, anaiachia, risasi inaingia, anabonyeza kifyatulio nyundo iangukie patupu, anavuta tena. Gervais alizunguka mbele ya meza na tochi, akainama mbele ya mtutu amulike risasi zinavyopanda. Ya nne au ya tano haikuwa bubu.

Lililobaki ni nani aliyeichanganya na wenzake, na kwa nini.

* * *

Cliff, mtaalamu wa silaha wa maabara, alikuwa mtu mrefu mwenye upole wa daktari wa meno, na kwenye dawati lake siku zote pana kopo la karoti mbichi. Alimwonyesha Asumpta bunduki ya Gervais ikiwa imefunguliwa juu ya kitambaa cheupe. Waliongea Kiingereza, kama kawaida yao.

"Nielezee kama mtu asiyejua kitu," Asumpta alisema.

"Rahisi. Bunduki kubwa ina kufuli. Bolti ikifunga, inashika kweli mpaka risasi imekwisha kutoka. Hii haina. Kinachoizuia isirudi nyuma ni uzito wake tu, na springi."

"Kama mlango usio na kitasa, umeegemezewa gunia la mchele."

Cliff alitafuna karoti akifikiri. "Haswa. Gunia likiwa jepesi, upepo ukivuma mlango unakupiga usoni. Hilo ndilo teke. Na kuna ubaya wa pili: bolti inakwenda na kurudi kwa kasi kuliko risasi inavyopanda kutoka kwenye magazini. Inaikuta njiani, inaibana. Bunduki inakwama."

"Na gunia likiwa zito sana?"

"Mlango haufunguki wa kutosha. Ganda halitoki vizuri, risasi nyingine haiingii. Inakwama vilevile. Fundi anatafuta katikati. Huyu wako aliongeza uzito kidogo huku kwenye kitako, akaweka springi mpya, akalainisha hapa risasi zinapopandia. Nimeijaribu. Haijakwama hata mara moja, na mwanangu wa shule angeweza kuishika. Kazi nzuri sana."

"Mtu anayepanga kumuua mwenzake anamtengenezea bunduki vizuri hivyo?"

"Hilo si swali la maabara," Cliff alisema. "La maabara ni hili."

Akasogeza kisinia kidogo cha shaba, cha mviringo, kama vile vya kuwekea vikombe vya kahawa. Humo ndimo Hussain alimokuwa akiweka bubu wake. Pembeni walilala bubu wenyewe katika mfuko wa plastiki, na peke yake, katika mfuko mwingine, ganda la ile iliyomuua Gervais. Zote zilimeta kama mkufu wa bibi harusi.

"Hii ni picha Hussain aliyompelekea mtu wa klabu mwezi uliopita," Cliff alisema, akageuza skrini. "Unaona? Kila bubu ana pete nyekundu. Rangi ya kucha. Hapa hakuna hata mmoja mwenye pete. Mtu ameisugua. Na ganda hili limesuguliwa vilevile, kwa kitu kilekile. Zile za moto alizokuwa amezifungia kwenye sanduku la chuma hazijaguswa, zimefifia kama kawaida."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliondoa alama, akaing'arisha risasi moja ya moto ifanane nao, akaichanganya. Kisha aseme ni ajali. Mkuu wako anaipenda sana hadithi hiyo."

Asumpta aliuinua mfuko kwenye mwanga. Ndani ya mfereji mwembamba wa kitako cha bubu mmoja palikuwa na uzi wa wekundu uliosalia.

"Kitu gani kimetumika kusugulia?"

"Hicho ndicho kinachonichekesha. Si dawa ya dukani. Chumvi ya jikoni, na asidi moja ambayo mimi huikuta kwenye mambo ya zabibu. Divai, labda."

"Cliff, ile ni nyumba ya Waislamu, na Ramadhani ndiyo kwanza imekwisha."

"Basi sijui. Mimi nimesema labda."

Asumpta akairudisha mifuko taratibu. Alilelewa Moshi, lakini aliwahi kukaa kwa shangazi yake Tanga, katika nyumba ambayo siku za kukaribia sikukuu watoto hawakuonekana uani ila vidole vimewageuka rangi ya hudhurungi.

"Mwambie mkuu anisubiri mpaka jioni," alisema.

* * *

Raza, msimamizi wa uwanja wa klabu, alikuwa na duka la matairi Mississauga. Baba yake alizaliwa Dodoma, na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la huko. Alimkaribisha Asumpta katikati ya matairi ya baridi yaliyokuwa yakingoja kuhifadhiwa.

"Sista, kugombana waligombana," alisema. "Siwezi kuficha, watu wote walisikia. Hussain alimwambia, ukikata springi tena usinijue."

"Gervais alikata springi?"

"Si alitaka iwe laini mkononi! Ameangalia video, ameona watu wanakata. Hajui kwamba ukikata unaondoa gunia."

"Gunia?"

"Namna ya kusema tu. Jumamosi ile waliyogombana ikawa inampiga teke bega likamwiva, na kila akipiga mbili tatu inakwama. Hussain anakuja, anafungua, anatoa risasi iliyobanwa, anampa. Inakwama tena. Na Hussain amefunga, maskini, midomo imekauka, Gervais anamtania, anamwambia fundi, unasikia njaa, bunduki yangu ndiyo unataka kuila. Hapo ndipo akapandwa na hasira."

"Wakaachana hivyo?"

"Waachane wapi! Walikuja kwa gari moja, wataachana vipi? Gervais alimkumbatia hapohapo, akasema sikati tena, ndugu yangu, nitakuletea uitengeneze. Wakacheka. Magari yalipotoka, Gervais ndiye alikuwa anaendesha ili Hussain alale."

Kwa hiyo ugomvi ule, ambao mkuu wake alikuwa ameuzungushia wino, ulikuwa umekwishia palepale. Asumpta akauliza lililomleta.

"Risasi zile zilizobanwa, zikitolewa, zinawekwa wapi?"

"Kuna kopo jekundu mezani. Sheria. Isiyopigwa inaingia kwenye kopo, haiondoki uwanjani kwenye nguo ya mtu."

"Na siku hiyo?"

Raza akafuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Siku hiyo zote ziliingia," alisema. Kisha akasema, "Ile ya mwisho, wakati wa kugombana, sikuiona ikiingia. Theluji ilikuwa imejaa pale, ikianguka imepotea. Aliidaka. Alikuwa ameishika huku anamnyooshea kidole Gervais. Halafu wakakumbatiana." Akaacha kufuta. "Alikuwa amevaa lile koti lake kubwa la kijani."

* * *

Nyumba ya Scarborough ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, pale ambapo basi hugeuzia. Theluji ya mwisho ilikuwa imekusanyika kando ya njia, nyeusi kama mkaa uliomwagiwa maji. Mehreen alimfungulia, akanong'ona kwamba bibi hajalala vizuri, akavaa viatu kwenda kuwachukua wanawe shuleni.

"Shikamoo, bibi," Asumpta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usisimame kwenye baridi. Wewe ndiye yule askari wa kwetu? Wenzio walikuja wakazungumza na Mehreen, Mehreen akazungumza na mimi, sikuelewa walichotaka wala sikujua wamekwenda na nini."

Bi Faudhia alikuwa mdogo wa mwili, mtandio wake mweupe umepigwa pasi. Jikoni, juu ya meza, palikuwa na sahani imefunikwa kwa kawa.

"Hiyo ya Hussain," alisema. "Nampakulia kila siku. Akichelewa sana naila mimi, halafu nampakulia nyingine. Anarudi lini?"

"Ndiyo nimekuja kulishughulikia."

"Basi kaa. Ulishughulikie umekaa."

Asumpta alikaa. Alipewa chai ya tangawizi na vipande viwili vya visheti vilivyobaki sikukuu. Kuta zilikuwa tupu ila saa na picha ya Hussain akiwa na joho la kuhitimu ufundi. Lakini rafu ya juu ya sinki ilikuwa na buli la shaba, sinia kubwa la shaba na chetezo, na kila kimoja kilimeta hata uliweza kuona dirisha ndani yake.

"Unaviangalia vyombo vyangu," Bi Faudhia alisema, akafurahi. "Nilitoka navyo Tanga ndani ya nguo. Mtu wa uwanja wa ndege akaniuliza bibi, hii ni nini. Nikamwambia ni mimi hiyo." Akavuta kiti. "Nyumba imekuwa kimya, mwanangu. Mimi na Hussain tukila tunategana. Wewe utaniweza? Kitendawili."

"Tega."

"Watoto wangu wamesimama ngazini wamebanana. Wa juu akikwama mlangoni, hapiti hata mmoja."

Asumpta alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Risasi ndani ya magazini ya bunduki."

"Eh. Umekijuaje wewe? Kile Hussain alikitunga mwenyewe. Mimi nilishindwa, nikampa mji, nikampa Tanga yote na bandari yake." Alicheka kidogo, kisha mkono ukamwendea kifuani. "Na Gervais alikuwepo. Gervais alikuwa hajui vitendawili vya kwetu, yeye akishindwa anatoa Bukavu kwao. Kila mara Bukavu. Nikamwambia baba, Bukavu umeshaigawa, tafuta mji mwingine."

Aliisawazisha kawa juu ya sahani. 

"Nilisikia mlio nikadhani sinia limeanguka," alisema. "Nikaita, Hussain, limepondeka? Hakunijibu."

Asumpta aliangalia sahani iliyofunikwa. Angeweza kushukuru chai, akatoka. Bibi huyu angebaki na visheti vyake na vitendawili vyake, na Hussain angekwenda gerezani kwa hiari yake, akiwa ametulia. Kusingekuwa na mtu wa kumlaumu.

"Bibi," alisema, "shaba yako unaisugulia nini?"

"Ukwaju, nini kingine? Hapa wanauza vidawa vinanuka kama petroli. Mimi naloweka ukwaju, natia chumvi, nasugua kwa stilwaya, nasuuza. Sikukuu haingii kwangu shaba ikiwa imefubaa. Mama yangu angenitokea ndotoni."

"Mwaka huu ulisugua vyote?"

"Vyote. Hivi, na kile kisinia cha chini, cha mezani kwa Hussain."

"Na vilivyokuwa ndani yake?"

"Navyo. Vile vidude vyake. Alikuwa amevipaka rangi ya kucha, vinatia aibu, shaba nzuri imechafuliwa hivyo. Nilisugua mpaka ikatoka. Siku ya Idd akashuka akaviona, akacheka, akasema, mama, umenitolea rangi yangu, nitazipaka tena. Nikamwambia kapake, sikukuu ikipita. Akasema hamna shida, humu hamna nyingine ila hizi. Nyingine zimo kwenye sanduku, ufunguo anao yeye shingoni."

Asumpta hakuwa na pa kupitia ila hapo.

"Mashine yako ya kufulia iko hukohuko chini, bibi?"

"Karibu na meza yake. Ndiyo maana vidude vile naviona kila siku. Vinaanguka, vinaingia chini ya mashine, naviokota navirudisha kisiniani."

"Lile koti lake la kijani. Ulilifua kabla ya Idd?"

"Nilifua. Lilikuwa linanuka moshi. Nikapekua mifuko kwanza, maana aliwahi kuniachia kalamu humo ikaharibu kanzu. Nikakuta kileso, nikakuta kimoja cha vile vidude, nikasema, huyu mtoto hata anatembea navyo. Nikakitia pamoja na..."



Macho yake yalikwenda kwenye rafu, yakakaa kwenye sinia, kama anaangalia mtu aliyesimama nyuma yake. Kisha yakarudi kwa Asumpta.

"Nikakitia pamoja na wenzake," alisema taratibu. "Nikavisugua vyote kwenye beseni moja."

Asumpta alikiweka kikombe chini.

"Kile cha koti hakikuwa cha kisiniani."

"Hapana, bibi. Kilitoka uwanjani. Bunduki ilikuwa imekwama, Hussain akakitoa, akakisahau mfukoni. Alipaswa kukiacha kule kwenye kopo. Kosa hilo ni lake, na amelijua."

"Na rangi ningeiacha, angekiona hakina rangi."

"Ndiyo."

Bi Faudhia alikaa mikono imelala juu ya meza, viganja juu, vidole bado vina hudhurungi ya ukwaju kwenye mikunjo.

"Hussain anajua?"

"Nadhani alijua palepale, mlio ulipolia. Anasema aliiweka yeye. Hataki kuendelea. Amenikataza nisikuulize."

"Na wewe umeniuliza."

"Nimekuuliza. Nisipokuuliza, atafungwa maisha kwa kuua."

Bibi alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini nzima, "Kitendawili."

"Bibi..."

"Sema tega, mwanangu."

"Tega."

"Nimemtoa mfukoni, nimemwosha, nimemlaza na wenziwe mabubu. Alipoamka alisema neno moja, nyumba mbili zikalia."

Asumpta alivitazama vidole vile vya hudhurungi. "Nimeshindwa," alisema.

"Hujashindwa. Unanihurumia. Lakini ukisema umeshindwa, nipe mji."

"Chagua wewe."

"Sitaki Tanga, wala sitaki Bukavu ya yule mtoto. Nipe Lawrence Heights."

Huko ndiko alikoishi Donatienne.

"Sheria inataka kwanza uje kituoni," Asumpta alisema. "Useme mbele ya kamera, yote haya, na mkalimani awepo."

"Nitasema mbele ya kamera, na mbele ya jaji, na mbele ya yeyote mwenye masikio. Lakini yule mwanamke asiyasikie kwenye simu. Atayasikia kwangu."

Asumpta alifungua kabati la chini ya sinki. Stilwaya ilikuwepo, imekauka, na katikati ya nyuzi zake palikuwa na chembe nyekundu za rangi ya kucha. Aliipiga picha mahali ilipo, akavaa glovu, akaitia katika mfuko wa ushahidi, na kopo lenye masalio ya ukwaju akalitia katika mfuko wa pili. Akampigia Cliff.

"Ile asidi yako si ya divai," alimwambia. "Ni tunda la kwetu. Nakuletea. Mwambie mkuu asisaini chochote, na Hussain aambiwe nimemwona mama yake, na kwamba mama amekula."

Hapo akamtazama bibi, kisha sahani iliyofunikwa. Bi Faudhia alielewa, ingawa maneno yalikuwa ya Kiingereza. Aliiondoa kawa, akamega ubwabwa kwa vidole, akala matonge matatu akiwa amesimama, kama mtu anayekunywa dawa. Kisha akanawa mikono. Aliinawa kwa muda mrefu sana, mpaka Asumpta alipofunga bomba yeye mwenyewe.

* * *

Walipotoka kituoni walishika njia ya Lawrence Heights. Bi Faudhia alikuwa ameuweka mkoba mapajani, anafungua na kufunga kifungo chake. Walipopita chini ya reli aliuliza kitu kimoja tu, kama Donatienne amepata mtu wa kumpikia, na Asumpta akasema watu wa kanisa lake wanakuja kwa zamu.

Mlangoni kwa Donatienne palikuwa na viatu vingi vya wageni, lakini wageni walikuwa wameingia ndani zaidi, wanaimba polepole. Donatienne mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa amejifunga kitenge cheusi kichwani, na macho yake yalikuwa yamekauka kama ya mtu mwenye homa.

"Mama," alisema alipomwona bibi. Gervais ndiye aliyeanza kumwita hivyo, na yeye akafuata. Halafu alimwona Asumpta nyuma yake. "Kuna nini? Wamemwachia Hussain?"

"Bado," Bi Faudhia alisema. "Mwanangu, Hussain hakumuua mumeo. Risasi ile niliitoa mimi kwenye koti, sikuijua. Nikaisugua pamoja na zile za mchezo, nikaiweka mezani. Niliifanyia usafi. Sikuja kukuomba kitu. Nimekuja ujue, na unijue."

Kule ndani wimbo ulifika mwisho, mwingine ukaanza.

Donatienne aliishika mikono ya bibi, akaigeuza, akaitazama kwa ndani. Mikono hiyo ilikuwa imempikia Gervais kila Jumapili ya mwaka mzima, wakati Donatienne alipokuwa kwenye zamu zake za kuhudumia wazee.

"Ni mikono hizi?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Alikuwa anarudi anasema, Mama amenilazimisha kula tena." Sauti yake ilikatika. "Mimi niko nalala siku hizi zote nikimlaani Hussain. Sasa nitamlaani nani? Uniambie, Mama. Nitamlaani nani?"

Asumpta alitazama pembeni, kwenye barafu iliyokuwa ikidondoka kutoka ukingo wa paa.

Donatienne aliiachia mikono. Aliwageuzia mgongo, akarudi ndani kwa waimbaji. Hakusema karibu. Lakini mlango hakuufunga, na baridi yote ya Aprili ilikuwa inaingia ndani.

Bi Faudhia alisubiri kidogo, pengine angerudi kuufunga. Hakurudi. Basi bibi akashika ukuta, akainama kwa taabu, akavua viatu vyake, akavipanga na vya wenzake, akaingia.